Mafuta ya Mkaratusi: Kabla Hujafungua Kichupa

Ukiingia Marikiti ya Mombasa kwa upande wa Barabara ya Digo, ukapita mafungu ya mchicha na maembe, ukatokea kwenye maduka ya viungo, tazama rafu iliyo nyuma ya magunia ya bizari na hiliki. Baina ya mafuta ya karafuu na ya habasoda hapakosi vichupa vya mafuta ya mkaratusi. Muulize mwenye duka yanafaa nini, atakuhesabia mpaka vidole vimwishe: mafua, kifua, pumu, mgongo, magoti, jino, mbu, chawa. Mengi katika hayo ni maneno ya kuuzia. Machache ni kweli, na hayo machache yanatosha kukipa kichupa nafasi nyumbani, mradi ushike jambo moja ambalo dukani halisemwi sana: mafuta haya ni ya kunusa na kuchua. Yakiingia tumboni ni sumu, na kwa mtoto mdogo kijiko kimoja cha chai ni kingi mno.

Unanunua nini hasa

Vitu vinne tofauti huuzwa kwa jina hili, na usipovitenganisha utapata hasara au madhara.

Cha kwanza ni mafuta halisi. Majani hupitishiwa mvuke wa maji, mvuke ukapozwa, na mafuta yakaelea juu ya maji yakatengwa. Harufu yake ni kali, yenye ubaridi, na utaisikia puani hata kabla ya kifuniko kutoka. Kinachofanya kazi zaidi humo ni sineoli, na mafuta ya kiwango cha dawa hutakiwa yawe nayo asilimia 70 au zaidi. Lebo nzuri hutaja jina la kisayansi la mti, mara nyingi Eucalyptus globulus. Ukiona herufi BP, maana yake mtengenezaji anadai kufuata vipimo vya kitabu rasmi cha dawa cha Uingereza. Vichupa vya kutoka India huenda vikaandikwa Nilgiri, jina la milima ya kusini mwa nchi hiyo ambako mikaratusi ilianza kupandwa mwaka 1843, nazo familia nyingi za Kigujarati za hapa Mombasa hulijua zaidi jina hilo. Usishangae pia ukikuta mali ya China, maana huko ndiko yanakotoka mafuta mengi ya mkaratusi yanayouzwa duniani leo.

Cha pili ni mafuta ya kuchulia ambayo tayari yamechanganywa na mafuta mengine. Hayana ubaya wowote, ila ujue kwamba umelipia tone la mkaratusi ndani ya chupa ya kitu kingine, na kwamba vipimo nitakavyovitaja mbele haviyahusu.

Cha tatu ni manukato yaliyoundwa kiwandani kwa ajili ya sabuni na mishumaa. Yananukia mkaratusi na yanaishia hapo. Usiyapake mwilini kama dawa wala usiyatie kwenye maji ya kujifukizia.

Cha nne ni mafuta ya mkaratusi wa limau, ambao wataalamu huuita Corymbia citriodora. Huu una sineoli kidogo, na harufu yake yakaribia mchaichai. Kwa pua iliyoziba haukusaidii sana. Kwa mbu habari yake ni nyingine, na tutaifikia.

Ushauri wangu ni kwamba ukitaka mafuta ya kupaka mwilini, nenda kwenye kemisti kilichosajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, ambacho cheti chake hutundikwa ukutani ukaweza kukisoma. Ukitaka ya kuondolea madoa na kusafishia nyumba, duka la viungo litakufaa kabisa na huenda likawa rahisi zaidi. Popote uendapo, chukua chupa ya kioo cha rangi ya kahawia au buluu, iliyofungwa kiwandani, yenye tarehe ya kwisha na jina la mtengenezaji. Mafuta haya hulainisha baadhi ya plastiki, na mwanga huyaharibu. Mtu akikumiminia kutoka dumu akakutilia kwenye chupa ya maji ya kunywa, mshukuru na umwachie. Hiyo chupa ya maji ndiyo itakayokuja kumdanganya mtoto wako, au hata wewe mwenyewe usiku umeme ukiwa umekatika.

Ukifika nyumbani unaweza kuyapima kwa njia mbili zisizo na gharama. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, uliache mpaka kesho. Mafuta halisi hupaa yote. Karatasi ikibaki na doa la kung'aa kama lile linaloachwa na mahamri, yamechanganywa na mafuta ya kupikia au ya nazi. Njia ya pili ni kuchukua kipimo kimoja cha mafuta na vipimo vitano vya spiriti ya asilimia 70, utikise ndani ya kichupa safi cha kioo. Yaliyo safi huyeyuka na kubaki maangavu, na yaliyotiwa mafuta ya taa au ya kupikia hugeuka maziwamaziwa. Vipimo hivi havitakwambia kama sineoli imetimia, lakini vitakuonyesha udanganyifu ulio wa wazi.

Mti wenyewe

Mkaratusi ni mgeni kwetu. Kwao ni Australia, ambako katika miaka ya 1850 mfamasia Joseph Bosisto, mzaliwa wa Uingereza, alianza kuyatoa mafuta yake kwa biashara karibu na Melbourne, akihimizwa na mtaalamu wa mimea Mjerumani, Ferdinand von Mueller. Kenya uliletwa mwaka 1902, na haukuletwa kwa ajili ya mafua ya mtu. Reli iliyoanzia hapa Mombasa mwaka 1896 ilikuwa na vichwa vya treni vinavyokula kuni, na serikali ya kikoloni ilitaka mti unaokua upesi. Tangu hapo umetapakaa nchi nzima, ukawa nguzo za umeme, kuni za viwanda vya chai, na ugomvi kando ya mito. Mwaka 2009 waziri wa mazingira John Michuki aliamuru mikaratusi iliyo karibu na vyanzo vya maji ing'olewe.

Nayataja haya kwa sababu ya wale wanaochuma majani. Mikaratusi mingi iliyopandwa Kenya ni ya aina za mbao, kama Eucalyptus grandis na chotara zake, na majani yake si hazina ya sineoli kama ya globulus. Tita la majani kutoka Taita au Kilifi likichemshwa litanukia vizuri na kukufariji, na hilo lina thamani yake. Lakini usidhani kwamba sufuria ya majani ni sawa na mafuta ya chupani. Mafuta ya chupani yana nguvu mara nyingi zaidi, na ndiyo maana hupimwa kwa matone. Asiyejua tofauti hii ndiye anayesikia jirani kachemsha majani konzi nzima, naye akamimina nusu kichupa.

Pua na kifua

Mafua ya Juni na Julai, kusi ikivuma na mvua hazijaisha vizuri, ndiyo yanayouza mafuta haya kuliko kitu kingine. Na hapa pana ukweli. Sineoli ikivutwa puani humfanya mtu ajihisi njia imefunguka, na unafuu huo ni wa haraka. Mafua yenyewe hayakatiki kwa hilo. Virusi vinaendelea na kazi yao mpaka mwili uvishinde, kwa kawaida ndani ya wiki moja au siku chache zaidi.

Njia salama ya kuyavuta ni ile inayodharauliwa. Dondosha matone mawili kwenye kitambaa au kitambaa cha mkono cha karatasi, ukiweke karibu na mto, kisiguse uso. Basi. Huhitaji moto, sufuria wala jasho.

Najua hayo hayatamridhisha aliyelelewa na nyanya aliyemfunika leso kichwani juu ya maji yanayofoka. Kujifukiza kuna heshima yake pwani. Mei 2020, serikali ilipofunga njia za kuingia na kutoka Mji wa Kale kwa ajili ya korona, kujifukiza kulikuwa maongezi ya kila siku, na jirani zetu Tanzania viongozi walikuhimiza hadharani. Mvuke hauui virusi vya korona. Kujifukiza kulichofanya kwa hakika ni kuunguza watu. Mwaka huohuo madaktari wa hospitali ya watoto ya Birmingham, Uingereza, waliandika katika jarida la Lancet kwamba watoto waliofika kwao wakiwa wameungua kwa maji ya kujifukizia waliongezeka mara 30. Majeraha hayo hayatoki kwenye mvuke. Hutoka kwenye sufuria iliyopinduka mapajani.

Kwa hivyo ukishikilia kujifukiza, jifukize hivi. Epua maji, yaache dakika mbili tatu mpaka yaache kufoka. Tumia bakuli zito pana lililowekwa juu ya meza isiyotikisika, lisiwe mapajani, wala mkekani ambako watoto hupita mbio. Tia matone mawili au matatu, usizidishe, kwani ukizidisha macho yatakuwasha na koo litakukauka. Fumba macho, weka uso mbali kidogo, jifunike leso nyepesi inayoachia hewa, na uache baada ya dakika 5 au 10. Mtoto asifanyiwe hivi kabisa, hata ukimshika. Mwenye pumu naye ajihadhari sana, kwani harufu kali huweza kumkaza kifua badala ya kumfungua. Akianza kukohoa au kupumua kwa shida, atoke nje kwenye hewa na atumie pampu yake.

Habari ya pumu yahitaji kufafanuliwa, maana wapo watakaokuambia Wazungu wanameza mkaratusi na wanapona. Ni kweli kwamba mwaka 2003 watafiti wa Bonn, Ujerumani, waliwapa wagonjwa wa pumu sineoli miligramu 200 mara tatu kwa siku, na baadhi yao wakaweza kupunguza dawa zao za steroidi. Wagonjwa walikuwa 32 tu. Tena walipewa kapsuli iliyotengenezwa isipasuke tumboni, yenye kipimo kinachojulikana, wakiwa chini ya uangalizi wa daktari. Hilo na mtu kudondoshea mafuta kwenye sukari akalamba ni vitu viwili visivyohusiana.

Kuchua

Baada ya siku ya kubeba magunia au kusimama kwenye meza ya samaki, mgongo na magoti huomba kitu cha moto. Mkaratusi husisimua ngozi, ukaleta ubaridi kisha joto, na kusahaulisha maumivu ya misuli kwa muda. Lakini usiyapake kavu. Mafuta halisi juu ya ngozi tupu huchoma, na mtu aliyechomwa mara moja huenda ngozi yake ikayakataa siku zote.

Chukua vijiko viwili vya mezani vya mafuta ya nazi au ya ufuta, ambavyo ni kama mililita 30, utie matone 15 ya mkaratusi. Hiyo ni karibu asilimia 2.5, nayo yatosha mtu mzima. Mafuta ya nazi ya Mombasa yana raha kwamba hayagandi, kwa hivyo huchanganyika mara moja. Ndugu yako wa Limuru itambidi ayapashe kwanza. Jaribu kidogo ndani ya kiwiko, usubiri hadi kesho. Ngozi isipowasha wala kuvimba, endelea. Usipake usoni, penye kidonda, penye ukurutu, wala sehemu za siri, na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho. Ukimaliza usifunge mahali hapo kwa plastiki au kitambaa cha moto, kwa sababu mafuta yatapenya zaidi ya ulivyokusudia.

Kupenya huko si hadithi. Mwaka 1998 madaktari wa Australia walieleza kisa cha msichana wa miaka 6 aliyepakwa mwili mzima dawa ya kienyeji yenye mkaratusi kwa sababu ya upele wa mzio. Alianza kuburura maneno, akayumba, kisha akapoteza fahamu. Alipooshwa mafuta yale akapona. Hakumeza hata tone.

Kwa ulinganisho, Vicks ya kopo, ambayo kila nyumba inaiogopa kidogo kwa ukali wake, ina mafuta ya mkaratusi chini ya asilimia 2. Kichupa chako cha Marikiti ni asilimia 100.

Watoto, wazazi na wenye kifafa

Mtoto wa chini ya miaka 2 asipakwe mafuta haya, hata yakichanganywa, na hata Vicks lebo yake inakataza umri huo. Njia zake za hewa ni nyembamba, na harufu kali chini ya pua huweza kumfanya akabwe pumzi. Najua mtoto mchanga kwetu hupakwa mafuta tangu siku ya kwanza na kukandwa mpaka arubaini iishe. Mkandeni kwa mafuta ya nazi matupu. Mama anayenyonyesha naye asipake mkaratusi kifuani mahali ambapo mtoto ataweka mdomo. Kati ya miaka 2 na 6, muulize kwanza muuguzi au mfamasia. Zaidi ya hapo, nusu ya kipimo cha mtu mzima yatosha, mgongoni na kifuani tu.

Mjamzito ajiepushe na kila kitu cha kumeza chenye mafuta haya na amuulize mkunga wa kliniki kabla ya kujipaka. Mwenye kifafa, au aliyewahi kupatwa na degedege, ayaache kabisa, hata ya kunusa. Mkaratusi, sawa na kafuri, unaweza kuamsha mshtuko wa kifafa. Ukiwa na mgonjwa wa aina hiyo nyumbani, usiuchome wala usiutie kwenye mashine ya mvuke ya chumba anacholala.

Yakimezwa

Hapa ningependa usome polepole, na umsomee pia dada wa kazi, kwa kuwa yeye ndiye yuko nyumbani saa nne asubuhi.

Ajali hutokea kwa njia inayofanana karibu kila mara. Kichupa ni kidogo, kina kimiminika cheupe au cha manjano hafifu, kimewekwa pamoja na dawa ya kikohozi. Mtu mzima hukosea chupa usiku, au mtoto anayeanza kutembea hukikuta dirishani. Hospitali ya watoto ya Melbourne ililaza watoto 109 kwa sababu hii kati ya 1981 na 1992, na zaidi ya nusu walionyesha dalili. Mililita 2 au 3 zinaweza kumlegeza mtoto. Mililita 5, ambazo ni kijiko kimoja cha chai, zinaweza kumzimisha fahamu. Watu wazima pia wamewahi kufa.

Dalili huanza mara nyingi ndani ya nusu saa, ingawa zaweza kuchelewa hadi saa 4: mdomo kuwaka, kutapika, kukohoa, pumzi kunuka mkaratusi, kusinzia, kuyumba kama mlevi, mboni za macho kuwa ndogo, degedege. Mtoto anayecheza vizuri dakika kumi baada ya kumeza hajasalimika bado.

Usimtapishe. Mafuta haya yakipanda na matapishi huingia mapafuni, na mapafu yakishaungua tiba huwa ngumu. Usimpe maziwa, ijapokuwa ndiko mkono wa kila mtu unakokimbilia. Maziwa yana mafuta, na mkaratusi huyeyuka ndani ya mafuta. Usimpe dafu, mkaa wala mafuta ya kupikia. Mpanguse mdomo, mvue nguo zilizomwagikiwa, muoshe ngozi kwa sabuni na maji. Akisinzia mlaze ubavu wa kushoto na uangalie pumzi yake. Chukua kichupa chenyewe mwende nacho, kwa sababu daktari atataka kujua ni mafuta gani na yamepungua kiasi gani.

Kisha ondoka. Ukiwa ndani ya vichochoro vya Kibokoni au Mzizima usingoje gari la wagonjwa litafute njia ya kuingia. Mbebe mtoto mpaka barabarani, panda tuktuk, mwambie dereva Jenerali, yaani Hospitali Kuu ya Pwani, iliyo kisiwani hapahapa, na uingie upande wa dharura. Kama amezimia au ana degedege na huna wa kukusaidia, piga 999, 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu, ambayo haitozi, huku mtu mwingine akitafuta chombo. Hospitalini hukaa chini ya uangalizi saa kadhaa hata akionekana mzima. Usimtoe kabla hujaruhusiwa kwa kuwa ameanza kucheka.

Yakiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 bila kusugua, kisha umwone daktari.

Mbu

Mji wa Kale una mbu wa mchana, Aedes, ambao ndio walioleta chikungunya hapa Mombasa mwishoni mwa 2017 na mapema 2018, na dengi mara kadhaa kabla na baada ya hapo. Wanazaana kwenye maji tunayoyaweka wenyewe, kwenye matangi na mitungi, kwa sababu mfereji hautoi kila siku. Mafuta ya kawaida ya mkaratusi yatawafukuza kwa muda mfupi tu, kisha yatapaa na utabaki na ngozi inayowasha.

Kinachofanya kazi ni kiambato kinachoitwa PMD, kinachotengenezwa kutokana na mkaratusi wa limau kwa kubadilishwa kiwandani. Losheni yenye PMD humkinga mtu kwa saa kadhaa. Mafuta ghafi ya mkaratusi wa limau kutoka rafuni si kitu hicho, hata muuzaji akiapa. Soma lebo utafute herufi hizo tatu. Wataalamu wa afya wa Marekani hushauri dawa hiyo isitumiwe kwa watoto wa chini ya miaka 3. Na ufunike mitungi.

Chetezo, moto na paka

Nyumba ya Kiswahili ina chetezo, na makaa yakiwa mekundu mkono hutamani kutia kila chenye harufu. Ubani na udi ni yabisi, huungua taratibu. Mafuta ya mkaratusi huanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto katika joto la nyuzi 49 hivi, na makaa ya chetezo yana joto la mamia. Tone likiangukia hapo laweza kulipuka moto usoni mwako, au mwako ukarudi hadi kwenye kichupa ulichokishika. Ukiipenda harufu yake chumbani, weka matone machache kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, juu kabatini, dirisha likiwa wazi. Kichupa nacho kikae mbali na jiko, iwe la mkaa au la gesi.

Usisahau paka. Ini la paka halina uwezo mzuri wa kuondoa mafuta ya namna hii, na mnyama huyo hujilamba kutwa. Ukimpaka mkaratusi kuondoa viroboto, anameza yote. Mji wa Kale wenye paka wengi hivi unastahili kulijua hilo zaidi ya mji wowote.

Madoa

Kazi ninayoisifu bila kusita ni hii, na haina uhusiano na ugonjwa. Mkaratusi huyeyusha gundi na grisi. Chingamu iliyogandia kwenye kanzu, lebo isiyotoka kwenye mtungi wa kioo, mabaki ya plasta kwenye ngozi ya mtu mzima, grisi ya mnyororo wa baiskeli kwenye suruali: dondosha kidogo kwenye pamba, bonyeza, ngoja dakika chache, futa, kisha fua kwa sabuni. Jaribu kwanza upindoni, hasa kwa leso mpya za Biashara Street ambazo rangi yake bado haijatulia. Usiutumie kwenye meza za plastiki, miwani, vifuniko vya simu wala boksi jeupe la kuwekea samaki, maana utavichubua au kuvitoboa.

Kwa harufu ya samaki mikononi na kwenye mbao za kukatia, tangulia na ndimu na chumvi. Ikisalia kwenye ndoo ya taka au sakafuni, tia matone 10 ndani ya kijiko cha sabuni ya maji, koroga, kisha ndipo uchanganye kwenye ndoo ya kupigia deki. Ukiyatia mafuta moja kwa moja majini yataelea tu na kukusanyika pembeni. Ubao wenyewe wa chakula usiuoshe kwa mkaratusi.

Andika tarehe ya kufungua kwenye lebo kwa kalamu isiyofutika. Kichupa kikishapita mwaka, au kikianza kunuka kama rangi ya kupaka ukutani, mafuta yameoza kwa hewa na yatawasha ngozi zaidi. Hayo yamalizie kwenye lebo za mitungi. Yakibaki, yafyonze kwa majivu au mchanga, funga kwenye mfuko, utupe na taka. Usiyamwage chooni wala kwenye mtaro wa maji ya mvua, kwani mitaro ya huku inaishia baharini. Kichupa kitupu kioshe kwa sabuni mara mbili, ukibandue lebo, na usikitilie kamwe kitu cha kunywa.